Ulimi Ulioungua

Kwenye kile kituo cha utafiti wa mazao, kila mtu alikuwa na chombo chake cha kazi. Mtafiti alikuwa na kompyuta, mpimaji alikuwa na mzani, mlinzi alikuwa na rungu ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilinyanyua. Mwonjaji alikuwa na ulimi. Ndivyo hata walivyomwita wenzake: Ulimi. Na mtu asidhani ni kwa sababu ya umbea, ingawa kwa hilo nalo hakuwa nyuma.

Kazi yake ilikuwa kuonja mihogo. Mtafiti, mama mmoja mpole mwenye miwani minene, alikuwa akizalisha aina mpya kwa kuchanganya mihogo mitamu ya kawaida na ile mikali ya porini, kwa kuwa ile ya porini hailegei kwa jua wala kwa maradhi. Shida ni kwamba watoto wa ndoa hiyo hurithi ukaidi pamoja na sumu, na wenye sumu nyingi huwa wachungu. Maabara ilichukua wiki kadhaa kuleta majibu. Kwa hiyo siku ya kuvuna Ulimi alipita mstari kwa mstari, akakata kipande kwenye kila muhogo, akatafuna, akatema, akasukutua kwa maji, kisha akasema mtamu au mchungu. Michungu ilifukiwa shimoni. Mitamu ikishapimwa uzito, wafanyakazi walijichukulia nyumbani.

Asubuhi ya siku ile alikuwa amechelewa, akaifakamia chai ikiwa bado inachemka. Ulimi ukababuka. Alipoonja muhogo wa kwanza hakusikia kitu, ilikuwa kama kutafuna karatasi. Angeweza kusema, lakini aliona haya. Mtafiti alikuwa amesimama kalamu mkononi, wenzake wanasubiri, na tangu Ulimi aajiriwe hakuna mwingine aliyewahi kuonja. Akajipa moyo kwamba uchungu wa kweli atausikia tu. Na kweli, mmoja aliusikia, akatema kwa mbwembwe ili wote waone. Walipofika kwenye mstari waliouita Shingo Nyekundu, kwa sababu ya vikonyo vya majani yake, wakang'oa mihogo minene ya kutamanisha. Ulimi alitafuna, akatema, akasema mtamu.

Jioni mama mkwe wake alikaa jikoni kumenya. Huyu bibi alikuwa na tabia ya kutafuna kipande kibichi kila anapomenya muhogo, na mkwewe alikuwa amechoka kumwambia aache. Safari hii alitema mpaka ukutani.

"Mwanangu, huu umeutoa wapi?" aliuliza huku akijifuta midomo. "Mchungu kama shubiri."

Ulimi akakichukua kile kipande, akakitafuna upande wa ndani wa shavu, mahali ambapo chai haikufika. Uchungu ukamshika koo. Akaikusanya mihogo yote kwenye ndoo, akamwomba mama mkwe asiiguse, halafu akabaki amesimama na ndoo ile, kwa sababu alikuwa amekumbuka kwamba mwingine aliyejichukulia Shingo Nyekundu ni mlinzi, mfuko mzima, na mkewe ndiye aliyekuja langoni kuuchukua.

Alimpigia simu mlinzi, aliyekuwa zamu ya usiku kituoni, haikupokelewa. Akatoka mbio na kandambili zake. Njia nzima alikuwa akijidanganya: labda hawajapika, labda mkaa umewaishia, labda leo wamejipikia wali. Aliogopa kufika, na aliogopa kuchelewa, na miguu haikujua imsikilize nani.

Sufuria ilikuwa imeoshwa, imeanikwa juu ya ukuta. Mke wa mlinzi alikuwa ameketi kizingitini ameshika kichwa, na binti yao mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule ya chekechea, amelala mapajani pake, matapishi kifuani. Mama mtu alisema nadhani ni tumbo tu, litapoa. Ulimi hakubishana naye. Alimbeba mtoto mgongoni, akamshika mama yake mkono, wakaenda hospitali nusu wakitembea nusu wakiburutana. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinamgonga begani bila nguvu yoyote.

"Wamekula muhogo mchungu," alimwambia daktari kabla hajaulizwa. "Mimi ndiye niliyesema ni mtamu."

Mtoto akawekewa dripu na hewa, dawa ikatafutwa kabati hadi kabati. Alikuwa akipumua kwa haraka, halafu anatulia, na kila akitulia Ulimi alihisi roho yake mwenyewe inatoka. Hakuthubutu kukaa. Mama wa mtoto alilazwa kitanda cha pili na dripu yake, na kwa kuwa hakuweza kumwangalia usoni, Ulimi aliangalia matone yakidondoka. Alikuwa anasubiri matusi. Alikuwa anayahitaji, kwa kweli.

"Nilisikia uchungu," mwanamke yule alisema taratibu. "Hata mtoto alisema mama, muhogo mchungu. Nikamwambia kula, huo umeonjwa na Ulimi."

Ulimi akaketi sakafuni, akalia bila kujificha.

Kulipokucha mtoto aliomba maji, akayanywa, hayakurudi. Daktari alisema amepona. Ulimi alienda moja kwa moja kwa mtafiti akamweleza yote, chai, haya, na mbwembwe. Mtafiti alivua miwani, akasema kosa la pili ni lake yeye, aliyeyaweka maisha ya watu kwenye ulimi mmoja. Kuanzia hapo kuonja kukawa kwa watu wawili, na ikawa marufuku muhogo kutoka getini kabla majibu ya maabara hayajafika. Mwonjaji wa pili, kwa kujitolea mwenyewe, alikuwa mlinzi.

Mavuno yaliyofuata, Ulimi alitafuna kipande cha kwanza, akatema, akasukutua, akamnong'oneza mtafiti. Kisha akampa mlinzi kisu. Mlinzi alikata, akatafuna, akakunja uso, akamgeukia.

"Wewe umesemaje?" akauliza.

"Sikwambii," alisema Ulimi. "Sema unachosikia wewe."

Mlinzi alitafuna tena, akimwangalia usoni, akitafuta jibu huko.