Mama Kwenye Mkeka wa Mkwewe

Kwetu Usukumani, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Ndiyo maana mama yangu alipokuja kuishi nasi Ngokolo, mjini Shinyanga, mjane aliyekwisha kumzika hata mwanawe wa pekee wa kiume, mume wangu alimjengea chumba nyuma ya nyumba, mlango ukitazama ua wa minyaa. Jioni alipotoka kazini kwenye kiwanda cha pamba, alikohoa kwanza langoni. Mama akisikia kikohozi anajifunika khanga anaingia ndani. Waliishi hivyo miaka mitatu, wakipendana kwa mbali. Enzi zile sabuni ilikuwa ya foleni, na mume wangu akibahatika kupata mche, kipande kilikuwa cha mama. Mimi ndiye niliyempelekea.

Basi Jumamosi moja mchana nilimwandalia mume wangu ugali, mara mama akaingia sebuleni kichwa wazi. Akakaa kwenye mkeka, uso kwa uso naye, akamega tonge na kuchovya katika bakuli lake.

"Ng'wanone," alimwambia, yaani mwanangu, "mbona umekonda hivi?"

Mume wangu alisimama bila kunawa, akatoka nje. Nilimfokea mama mpaka majirani wakachungulia.

"Mayu, una nini wewe? Huyo ni mkweo!"

Alinitazama kwa utulivu, akamega tonge jingine. Utulivu ule ulinichoma kuliko kosa lenyewe.

Dalili zilikuwepo, tena niliziona zote, ila nilizipa majina mabaya. Alipounguza sufuria ya michembe, vile viazi vilivyokaushwa, nikasema ni uvivu. Aliponiuliza mara nne asubuhi moja kama baba amerudi mnadani, na baba yuko kaburini mwaka wa tano, nikasema anataka kuniliza makusudi. Sabuni niliikuta ndani ya debe la mtama, nikasema ananificha, mwanawe wa kumzaa! Mimi ni mwepesi wa hasira tangu utotoni, na mtu wa hasira hana subira ya kuuliza. Zahanati nilimpeleka mara moja. Walimpima presha, wakatupa aspirini, wakasema ni uzee tu.

Wazee wa upande wa mume wangu walikuja kusuluhisha. Hawakuwa watu wabaya. Walisema mama amemvunjia mkwewe heshima, achinjwe mbuzi, yaishe. Mbuzi akachinjwa. Mama alikula nyama ile kwa furaha, kisha akauliza hii ni harusi ya nani. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema anajifanya, na nina aibu kusema kwamba mimi pia niliamini hivyo.

Wiki mbili baadaye mama alitoka bafuni bila nguo hata moja, mume wangu akiwa uani anaziba pancha ya baiskeli. Safari hii hakukasirika. Aligeukia ukuta akalia, mtu mzima, mikono ina gundi.

"Mama watoto," aliniambia baadaye, "nimeona nisichopaswa kuona. Mpeleke kwa mama mdogo Segese. Ukishindwa, mimi na wewe basi."

Nilikuwa na watoto wanne, na nyumba ilikuwa yake. Majirani wengine walinishauri nivumilie, wengine nimpeleke haraka, na wote walishauri kirahisi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikafunga nguo za mama kwenye khanga, tukapanda basi la Kahama.

Njiani alipanda mwanamume mmoja mrefu, akakohoa kwa sababu ya vumbi. Mama alishtuka, akavuta khanga usoni, akateremka kitini na kuchuchumaa chini kati ya magunia.

"Inama!" alininong'oneza. "Mkwe wangu anapita. Asinione."

Abiria walicheka. Heshima yote ilikuwa bado imo ndani yake, haikupungua hata chembe. Kilichopotea ni kumjua mtu. Na sura ya mume wangu angeijuaje, naye hakuwahi kuitazama hata siku moja? Alikuwa anamjua kwa kikohozi. Jumamosi ile hakukuwa na kikohozi wala lango, kulikuwa na kijana ameketi anakula peke yake, na mama akamwona mwanawe aliyekufa. Hakumdharau mtu. Alikuwa mgonjwa, nasi tulimtoza mbuzi.

Yote hayo niliyaelewa kabla hatujafika Kahama. Ningeweza kushuka pale na kungoja basi la kurudi, nikamweleze mume wangu, maana alikuwa mtu wa kusikia. Sikushuka. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa kuachika. Kahama tukapata lori, tukafika Segese jua likiwa bado juu.

Mama hakumaliza mwaka kule. Asubuhi moja alitoka peke yake, wakamkuta mbugani siku ya tatu. Mama mdogo hakunilaumu, na mume wangu alilia msibani kuliko mimi. Lakini ninachokumbuka zaidi si msiba. Nakumbuka siku ile nilipomwacha, nilipoinama kumuaga naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama," aliniambia, kwa ile adabu anayopewa mgeni. "Umenisindikiza mbali na wala hunijui. Ukifika Shinyanga, mwambie binti yangu nipo huku. Yule ana hasira, lakini kuniacha hawezi. Atakuja kunichukua."

Nikamwambia nitamwambia, nikakimbilia lori.