Ng'ombe Mwenye 617617

Baba hakuwahi kuhesabu ng'ombe. Kwetu Wasukuma, hata baada ya kuhamia huku upande wa Magamba, ng'ombe hutambuliwa, hawahesabiwi. Ukimuuliza mzee ana wangapi umemkosea adabu. Jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwataja kwa rangi na pembe wakiingia, na aliyekosekana alimjua kabla vumbi halijatulia.

Kwa hiyo zilipoletwa hereni za mifugo, vile vibao vya plastiki vya masikioni vyenye namba ndefu, alinuna kwelikweli. Mimi nafundisha hesabu sekondari mjini Mpanda, nikaona nimtulize kwa ninachokijua. Nikamwonyesha kipenzi chake, yule mweusi mwenye baka jeupe usoni, ambaye namba yake iliishia na 617617.

"Hii imejirudia," akasema. "Wamekosea?"

"Hawajakosea, Baba. Tarakimu tatu zikijirudia hivi, ziwe zozote, namba inagawanyika kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu, hakibaki kitu."

Nikachora chini kwa kijiti. Gawa kwa saba, 88231. Hiyo kwa kumi na moja, 8021. Hiyo kwa kumi na tatu, 617. Nikamweleza kwamba kujirudia kule ni kuzidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni zao la hizo tatu. Na 617 haigawanyiki tena, ni namba tasa.

"Kumbe wanaikata yote hiyo, na bado inarudi ilikotoka," akasema, na kununa kukaisha.

Tangu hapo, kila Jumamosi nikishuka kwenye bodaboda ananivuta zizini nimsomee masikio. "Na huyu je? Na huyu?" Nikawatambia walimu wenzangu kwamba mzee kaingia hesabu uzeeni. Mama ndiye aliyeniita jikoni akaniambia ukweli: baba yako hawajui tena ng'ombe wake. Rangi zimemtoka, pembe zimemtoka. Anaomba namba apate pa kushika, na katika zote ni ile ya kujirudia tu inayomkaa kichwani.

Nililia palepale mbele ya mafiga, mtu mzima na ndevu zangu. Hesabu yangu yote haikuwa na la kumsaidia. Nikabaki na hofu moja: siku zamu yangu ya kumtoka itakapofika.

Jumamosi iliyopita nilimkuta mlangoni pa zizi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kama anavyomwitikia mpita njia. Kisha akanishika sikio, akaligeuza mbele na nyuma, akitafuta.

"Wewe hawajakuwekea namba?"

"Mimi ni mwanao, Baba."

Akaniangalia kwa huruma, bila ukali hata kidogo. Akanisogeza taratibu nje ya lango, akalifunga kwa mti wake.

"Basi subiri hapo," akasema. "Mwenyewe atakuja kukuchukua."