Aliyevuna Ngano Bila Kuionja

Maoni ya kwanza tuliyopewa na mteja yalikuwa swali: "Dada, hii imeungua au ndivyo ilivyo?"

Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumefungua duka la pizza mtaa wa Ngarenaro, chumba kimoja kilichobanwa kati ya fundi wa mageti na duka la vipuri vya pikipiki. Tuliuza kwa kipande. Unakula umesimama, au unafungiwa kwenye karatasi unaondoka nacho. Unga wetu ulikuwa wa ngano isiyokobolewa, pumba na kiini vyote humo humo. Sababu ilikuwa mama yetu. Daktari alimkataza mkate mweupe kwa ajili ya sukari, naye akakataa kula chakula cha wagonjwa peke yake mezani. Tukasema basi, tule wote.

Mdogo wangu alinunua daftari, akalifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza ili watu waandike walichoona. Waliandika. "Inashibisha, ila taya limechoka." "Ongezeni chizi." "Hii ni chapati iliyokwenda shule." Muuguzi mmoja alijaza nusu ukurasa kuhusu faida za pumba kwa choo, mpaka tukabandika karatasi juu yake, maana wengine walikuwa wanausoma huku wanakula. Fundi wa mageti hakuandika kamwe. Yeye alipiga kelele kutoka kwake, cheche zikiruka: "Leo ngumu!" au "Leo sawa!" na hiyo ilitutosha.

Halafu kulikuwa na mzee mmoja wa kijiji cha Akheri. Alikuja kila Alhamisi, akishaacha ndizi zake sokoni, na kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanunua kipande kimoja, akaenda kusimama karibu na mlango. Hakula kama wengine. Alivunja kwanza ule ukingo mkavu usio na nyanya wala jibini, akautafuna peke yake, taratibu, macho yakiwa chini. Ukiisha ndipo akala kilichobaki, haraka haraka, kama mtu anayemaliza wajibu. Kusema kweli iliniuma. Mchuzi wa nyanya nilikuwa naupika mwenyewe tangu alfajiri.

Nikimsogezea daftari alikuwa anatikisa kichwa. "Bado naionja, mwanangu."

Alionja hivyo kwa zaidi ya miezi miwili. Alhamisi moja akatafuna ule ukingo, akasimama kidogo, kisha akarudi mezani.

"Unga wenu umebadilika."

"Hapana, baba. Ni uleule, na anayetuletea ni yuleyule."

"Si uleule. Huu umechekechwa, kisha pumba zikarudishwa. Pumba ziko peke yake na unga uko peke yake. Havijuani."

Nilitabasamu kwa adabu. Alipoondoka mdogo wangu akasema wazee wana kawaida ya kukosoa. Lakini lile neno, havijuani, lilinikaa. Mchana nikampigia simu mtu aliyetuuzia unga. Nilimuuliza kama utani tu. Akakohoa, akaanza kuomba radhi. Mashine yake ya kusaga ilikuwa imeharibika, na kwa wiki mbili alikuwa ananunua unga mweupe na kuuchanganya na pumba. Alidhani hakuna atakayejua.

Nilibaki na simu mkononi. Mimi niliyekuwa nakanda unga ule kila siku sikujua.

Alhamisi iliyofuata sikungoja hata amalize kula. "Baba, ulijuaje?"

Alifuta mikono. "Nimeendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia, miaka thelathini na moja. Mashamba makubwa ya ngano, huku magharibi ya mlima Meru na kwingineko. Zamani hatukuwa na kipimo cha unyevu. Unachukua punje, unaing'ata. Ikipasuka, vuna. Ikibonyea, subiri. Meno yangu ndiyo yalikuwa kipimo."

"Kwa hiyo ngano umeila sana."

"Mbichi, punje moja moja. Lakini nzima, imesagwa, imeokwa? Sikuwahi. Tunavuna, inashuka kwenye lori, lori linaondoka. Tunakuja kukutana nayo dukani imekuwa nyeupe, hata hatusalimiani. Nilipopita hapa mara ya kwanza harufu ilinishika. Nikaila. Basi kwenye daftari lako niandike nini?"

Nilimwambia kwamba mimi, pamoja na kuuza kote kule, sijawahi kuona ngano ikiwa shambani. Alinitazama kama mtu niliyemwambia sijawahi kuona mvua.

Mwezi wa nane, Jumamosi, tulimwachia mdogo wangu duka, mzee akanipeleka kuiona. Tulishuka kwenye gari barabarani, tukatembea kwenye njia ya vumbi mpaka juu ya kilima kidogo. Hapo nilisimama. Nilikuwa nimeitarajia ngano kwenye mistari, kama mahindi. Badala yake ilikuwa imefunika ardhi yote, ikishuka bondeni na kupanda upande wa pili, rangi ya ngozi ya simba, na upepo ulipopita shamba zima liliinama na kuinuka tena kwa sauti kavu ya chini. Nyuma yake Meru ilikuwa imevua mawingu, kilele kikiwa wazi kabisa. Nilitua mkoba chini. Karibu miaka miwili nilikuwa nazamisha mikono kwenye kitu hiki bila kujua kinatoka mahali pa namna hii.

"Ingia," mzee akasema. "Haing'ati."

Ilinichoma magotini. Alikata masuke mawili, akayasugua kati ya viganja, akapuliza makapi yakapeperuka, akanimiminia punje mkononi.

"Usimeze. Tafuna tu."

Zilipasuka. Kwanza ulikuja unga, kisha utamu mdogo kama maziwa ya moto. Niliendelea kutafuna nikingoja ziishe, lakini hazikuisha. Zilianza kukusanyika, zikashikana, zikawa kitu laini kinachovutika kati ya meno. Nilimtazama mzee nimetoa macho.

"Hilo ndilo donge unalolikanda," akasema. "Liko ndani ya punje tangu mwanzo. Wewe unalitoa tu."

Niliitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa, na macho nayo yalikuwa yamejaa.

Kombaini ilikuwa pembeni ya shamba, inasubiri. Dereva wake, mwanamume wa makamo, alipomwona mzee aliruka chini, akamwamkia kwa mikono miwili. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Dereva alikuwa na kifaa cha kupima unyevu, kipya, mfukoni. Hata hivyo alimkatia mzee suke, akampa, akasubiri. Mzee aliing'ata punje moja. Nikasikia ilivyopasuka.

"Vuna," akasema.

Mashine ikawaka, na sisi watatu, mimi, mzee na mwenye shamba aliyekuwa amefika, tulisimama kando wakati ile rangi ya simba ilipoanza kukatwa na nafaka kumiminika kwenye tangi lake. Mzee alikuwa amevua kofia. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona kichwa wazi, mvi tupu.

Nilirudi na magunia mawili ya ngano ileile. Nilienda nayo mwenyewe kwenye mashine ya kusaga, nikasimama pale mpaka punje ya mwisho. Unga huo ulikuwa na tabia zake. Ulikunywa maji kuliko nilivyozoea, na siku ya kwanza fundi wa mageti alipiga kelele "Leo ngumu!" mara tatu. Siku ya pili niliuongezea maji na kuuacha uumuke tangu usiku. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akala vipande viwili amesimama na miwani yake ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, akarudi kazini kimya.

Alhamisi mzee hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, mama mmoja mfupi aliyejifunga khanga mbili, mkali wa macho. Niliwapa kila mmoja kipande. Mama alikigeuza akakikagua chini, kisha, bila kuambiwa na mtu, akavunja ukingo na kuanza nao.

Alitafuna kwa muda mrefu.

"Miaka yote hiyo," akasema hatimaye, "alikuwa anarudi nyumbani na makapi kwenye soksi. Nayakung'uta nyuma ya nyumba, na punje zinadondoka, kuku wanagombania. Kumbe kuku wangu walishajua."

"Na wewe unaonaje, mama?" nikamuuliza.

"Nzuri. Chumvi punguza."

Akavunja ukingo tena. Mzee alikuwa bado hajagusa cha kwake. Alikishika tu mkononi, jibini likianza kudondokea kwenye karatasi, akimtazama mkewe anavyotafuna.