Ufunike, Usiuguse

Pale mtaani walimwita Haloo, na hakuwa na njia ya kulikataa jina hilo. Ukipita chini ya dirisha lake asubuhi ungemsikia: "Haloo, idara ya maji, nikusaidie nini?" Ukirudi sokoni na kikapu chako, bado yupo palepale: "Haloo, idara ya maji." Watoto walimwigiza wakicheza barabarani. Muuza mkaa aliwahi kumgongea dirisha akamwambia, "Dada, nami nina kiu, nisaidie basi," naye akamkata jicho kali huku anacheka rohoni, maana mteja alikuwa sikioni.

Kazi hiyo aliifanyia chumbani, kati ya kabati la nguo na dirisha, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kupigia pasi. Ofisi ndiyo iliyomwambia aende na kazi yake nyumbani, na yeye aliipokea habari hiyo kama mtu aliyejibiwa dua. Mama yake alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea ukawa kama wa kuazima, na ulimi ukawa mzito, maneno yanatoka yamekatika mikia. Kaka yake Haloo, mtunza ghala katika mji mwingine, alitaka kumchukua tangu siku ya kwanza.

"Kwangu kuna nafasi," alisema, "na wifi yako yupo nyumbani mchana kutwa."

"Hata mimi nipo mchana kutwa."

"Wewe upo na simu."

"Kaka, nakuomba. Niachie mama."

Mama mwenyewe alikuwa ameketi hapohapo katikati yao, wanamgawana kama hayupo. Akakusanya ulimi wake, akasema, "Hapa." Neno moja tu, lakini lilitoka limenyooka. Kaka akakubali kwa shingo upande. "Sawa. Ila siku akipatwa na jambo, nakuja na gari, na tusibishane."

Tangu hapo Haloo aliishi kama mtu aliyebeba mtungi kichwani kwenye utelezi. Mama akikohoa, moyo wake unaruka. Mama akichelewa msalani, anasimama mlangoni anajifanya anatafuta taulo.

Sasa mama hakuwa mtu wa kukaa kama mzigo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi ukimkalisha unamzika mapema. Siku moja akaonyesha mfuko wa unga kwa kidevu. "Nipe."

Ndivyo mkate ulivyoingia katika nyumba ile. Haukuwa mkate wa kujivunia. Unga, hamira, chumvi, sukari kidogo, na mafuta kijiko kimoja. Asubuhi kabla ya kuketi kazini, Haloo alipima kila kitu, na maji ya moto akayaweka kwenye chupa ya chai ili mama asiguse moto. Mama alilibana bakuli kati ya tumbo na ukingo wa meza lisimkimbie, akakanda kwa mkono wa kulia peke yake, taratibu, midomo ikicheza. Huenda alikuwa anaomba. Huenda alikuwa anausema vibaya ule mkono mwingine. Kuwasha joko la gesi ilikuwa kazi ya Haloo, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Mkate wa kwanza ulitoka mgumu. Mume wa Haloo, fundi wa majokofu na mtu wa mizaha, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Mama, huu tusiule. Kesho nauweka chini ya jokofu la mteja, lisiyumbe."

Mama akamtazama. Wote wakangoja, maana siku hizo maneno yake yalikuwa ya kungojwa. "Mkate... mzuri," akasema. "Meno yako... mabovu."

Walicheka mpaka fundi mwenyewe akafuta machozi. Kuanzia siku ile alikuwa akirudi kazini anauliza mlangoni, "Meno yangu yameletewa nini leo?"

Shida ilikuwa kwamba ofisi haikutaka kusikia sauti za nyumbani kwenye simu. Mteja akimaliza, mwingine anaingia mwenyewe. Hupati hata nafasi ya kumeza mate. Haloo akajifunza hila. Sikio moja la hedifoni alilisukuma nyuma, na mteja akianza hadithi yake ndefu, anabonyeza kitufe cha kuzima sauti, anapaza kuelekea jikoni, "Umeumuka?"

"Bado," mama anajibu.

Baadaye tena. "Umeumuka?"

"'Meumuka."

"Ufunike, nakuja." Halafu anaachia kitufe. "Naam, baba, nakusikiliza."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mchana. Machache, lakini Haloo aliyapenda. Aliona kama kuna uzi umefungwa kati ya chumba na jiko, na yeye anauvuta kidogo kujua kama ng'ambo ya pili kuna mtu.

Ikaja siku ya mvua. Mvua ya kuchosha, isiyokatika, iliyotia ubaridi mpaka kwenye sakafu. Bomba kubwa la mji lilikuwa limepasuka, watu wanaona maji barabarani na hawayaoni ndani, na wote hao walimpigia Haloo. Mama alikuwa amekanda tangu mapema. Kila akiulizwa, jibu lilikuwa "bado." Unga umelala kwa baridi, haupandi.

Mama akaona aibu, ndivyo nionavyo. Kazi aliyopewa ilikuwa hiyo moja. Akafikiri angelipasha joko kidogo tu, unga upate uvuguvugu. Akafungua gesi. Lakini kiberiti kinahitaji mikono miwili, na yeye alikuwa na mmoja. Akakibana kidevuni, njiti ikavunjika. Akakibana kwapani, njiti ya pili ikaanguka. Muda wote huo gesi ilikuwa inatoka. Njiti iliyokubali ilipowaka, moto uliruka nje ya joko ukaulamba mkono wake wa kulia, ule uliokuwa mzima, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo.

Hakupiga yowe. Aliita, kwa ulimi wake ule mzito: "Mwanangu! 'Meumia!"

Wakati huohuo katika sikio la Haloo kulikuwa na baba mmoja anayefoka kwamba ana mtoto mchanga na ndani hakuna hata tone. Haloo akabonyeza kitufe. Akajibu kwa furaha, maana alikuwa ameingoja habari hiyo tangu asubuhi:

"Vizuri, mama! Ufunike na kile kitambaa. Uache hapo karibu na joto. Usiuguse, nakuja!"

Jamani, lugha yetu nayo ina mitego. Unga umeumuka, mkono umeumia, na jibu la vyote viwili ni lile lile. Ufunike. Usiuguse.

Mama akatii. Ndani ya nyumba ile Haloo ndiye aliyejua. Ndiye aliyempa dawa, ndiye aliyemwambia kula na lala. Na siku nzima alimsikia anawajibu watu wenye shida, mmoja baada ya mwingine. Mtu kama huyo atakoseaje kumjibu mama yake? Akakivuta kwa meno kile kitambaa kilichokuwa juu ya bakuli, kina unga unga, akaufunika mkono. Akasogeza kigoda kwa mguu karibu na joko linalowaka, akaketi, akangoja.

Aliyekuwa na mtoto mchanga akamaliza, akaingia kinyozi mmoja, akaingia bibi aliyelia. Haloo alipopata nafasi ya kuinuka, alikwenda jikoni anajinyoosha mgongo, ana neno la utani mdomoni. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa bakuli. Lilikuwa wazi. Unga ulikuwa mdogo vilevile, umekauka ngozi juu. Akajiuliza kitambaa kiko wapi. Ndipo akamwona mama kwenye kigoda, uso wa rangi ya jivu, machozi yameshuka mpaka shingoni bila sauti, na joko linanguruma pembeni yake.

Kule zahanati, muuguzi alikibandua kitambaa kidogo kidogo kwa maji. Kilikuja na ngozi. "Nani aliyewaambia muufunike na kitambaa cha unga?" akauliza. "Mkono ukiungua unamwagiwa maji ya baridi. Maji tu. Ona sasa."

Haloo akainama. "Mama, mbona hukuniita?"

"Nilikuita."

"Ulisema nini?"

"'Meumia." Mama akavuta pumzi, akatafuta maneno mengine. "Ukasema... ufunike. Usiuguse." Akamtazama bintiye kama mtoto anayetaka kusifiwa. "Sikuugusa."

Haloo alitoka nje akasimama kwenye baraza ya zahanati. Alitaka kuomba, lakini dua haikupatikana. Alimwambia Mungu, "Wewe umesikia," akakwama hapo.

Kaka alipigiwa simu, akafika na gari Jumamosi, kama alivyosema. Hakufoka. Alikaa kitako mbele ya mama, akautazama mkono uliofungwa bandeji nyeupe hadi karibu na kiwiko.

"Ilikuwaje, mama?"

Mama alikuwa amejiandaa. Inaonekana alikuwa amefanya mazoezi, maana maneno yalikuja kwa mpangilio. "Mimi. Niliwasha mwenyewe. Ukaidi wangu."

"Na huyu alikuwa wapi?"

"Kazini. Sikumwita."

"Hukumwita kabisa?"

"Sikumwita."

Kaka akashusha pumzi. Akamgeukia dada yake, na uso wake ulikuwa umelainika. "Kama hukuitwa, ungejuaje? Hata kwangu ingetokea. Wazee nao..." Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Haya, shemeji, hakuna chai katika nyumba hii?"

Mume wa Haloo akaruka kuelekea jikoni kama aliyetolewa jela. "Chai ipo! Ila mkate leo hakuna, meno yangu yapo likizo."

Mama akamtazama Haloo, akamkonyeza. Jicho moja, upesi, kama wasichana wawili walioiba sukari. Jambo lilikuwa limekwisha. Haloo alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Chai ikaja. Kaka akaishukuru neema ya Mungu kwa sauti, wote wakaitikia. Haloo akamwinulia mama kikombe mdomoni, maana sasa mama hakuwa na mkono hata mmoja. Chai ikamchuruzika kidevuni. Haloo akamfuta, na alipokuwa anamfuta akaona hawezi. Kesho simu zitaanza tena. Kesho mama ataita tena kwa ulimi ule ule.

"Aliniita, kaka," akasema.

Fundi akaweka kikombe chini. Mama akatoa sauti, si neno, sauti tu.

"Aliniita, nami nikamjibu. Nilisikia umeumuka. Nikamwambia aufunike, auache karibu na joto. Alikaa hivyo mpaka nilipomaliza simu zangu."

Kaka akautazama tena ule mkono uliofungwa. Huenda ingekuwa rahisi kama angemtukana. "Basi," akasema, akainuka kwenda kufungua mlango wa nyuma wa gari.

Nguo za mama hazikuwa nyingi. Haloo alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Mama alivishwa viatu, akashikwa kwapa, akapandishwa garini na mkwewe, ambaye hakuwa na mzaha hata mmoja. Mvua ilikuwa imeanza tena, manyunyu. Kaka akamfunga mkanda, akaketi kwenye usukani, akawasha gari.

Hapo midomo ya mama ikacheza nyuma ya kioo. Haloo hakusikia. Akagonga kioo. "Kaka, shusha, mama anasema kitu."

"Tutakupigia tukifika. Barabara mbaya hii."

"Shusha, kaka."

Kioo kikashuka. Haloo akaingiza kichwa chote ndani, akaweka sikio karibu na mdomo wa mama mpaka akahisi joto la pumzi yake. "Sema tena, mama. Sijakusikia."

Mama akasema. Haikueleweka. Kaka alikuwa anapigapiga usukani kwa vidole. "Tena, mama. Nipo hapa, siendi popote."

Mama akafumba macho, akalikusanya neno silabi kwa silabi, akamtolea:

"Ungeniuliza kwanza... ndipo umwambie."

Haloo akabaki ameinama vilevile, kichwa ndani, mgongo unalowa. Alikuwa amesikia. Safari hii alisikia kila herufi. Yeye ambaye kazi yake ni kujibu watu akamtengenezea mama mtandio begani, ambao haukuwa umepinda. Kisha akatoa kichwa, na kaka akapandisha kioo.