Shangazi Pale Mferejini

Nilipata kipindi kimoja cha televisheni kwa bahati, nikitafuta taarifa ya habari. Ni vichekesho vya mfululizo kuhusu wanawake ambao kazi yao ni kuchekesha watu. Mmoja wao, mtu mzima, alikuwa peke yake jikoni akirudia sentensi moja. Alihamisha neno, akanyamaza, akaanza upya. Hakutabasamu hata kidogo.

Nikamkumbuka shangazi yangu kule mtaani Mbotela, ameinamia beseni la nguo kando ya mfereji, midomo ikicheza. Sisi watoto tuliambiwa tusimsumbue, anaomba. Palipokuwa na matanga mtaani, jioni baada ya sala alisimama akasimulia vituko vya marehemu mpaka mjane mwenyewe akacheka huku machozi yakimtoka.

Alipokufa yeye, hakuna aliyecheka. Kila aliyesimama alisema Mungu alimjalia kipaji, kwamba maneno yalikuwa yakimjia tu. Tukaitikia amina.

Nilizima televisheni nikiwa na hasira. Hayakumjia tu. Aliyafanyia kazi mbele ya macho yetu kila asubuhi, nasi tukampita kwa kunyata, tusije tukamkatiza sala.