Namba ya Gari la Wagonjwa

Jumatatu, fundi wa kompyuta wa hospitali alibadilisha namba ya gari la wagonjwa kwenye tovuti, akahifadhi, akamwambia muuguzi mkuu kazi imekwisha. Simu ya zamani ya dereva ilikuwa imeibwa.

Alhamisi muuguzi mkuu akampigia fundi kwa sauti kavu: watu bado wanapiga namba ya zamani. Fundi, dada wa watu, akafungua tovuti, akaikuta namba ya zamani imekaa palepale, haina habari. Akafungua faili kwenye programu yake ya kuandikia, akaona namba mpya. Akahifadhi tena na tena. Wapi!

Faili halisi lilikuwa kwenye seva, kompyuta kuu ya hospitali, jengo lingine kabisa. Programu humletea nakala, akishaandika huirudisha. Safari hii nakala ilibaki kwenye kompyuta yake, na onyo likaandikwa chini ya dirisha kwa herufi ndogo ambazo hakuwahi kuzijali. Faili lilikuwa chini ya jina la mkuu wa idara, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa.

Akamkuta mkuu anachokonoa meno. Wala hakushtuka. Akaeleza bila haya kwamba alilifunga tangu Ijumaa iliyopita, maana watu wamezoea kubadilisha mambo bila kumpitia, na kila mara fundi alipokataliwa, yeye aliletewa taarifa.

"Nilikuwa nasubiri uje kuomba," akasema, akafuta kijiti kwenye shati.

Kinyaa kilimpanda fundi. Mtu mzima na akili zake, anakalia namba ya wagonjwa ili abembelezwe! Akamwambia alifungue, likafunguliwa papo hapo.

Namba mpya ilipotokea, alikwenda wodini kumwambia muuguzi mkuu. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye damu kwenye suruali. Muuguzi akanong'ona kwamba amemleta mkewe mwenye uchungu wa kuzaa kwa mkokoteni, baada ya kupiga ile namba ya zamani asubuhi nzima bila kupokewa. Mama amepona, mtoto hakuwahi kulia.

"Ile namba nani aliiweka?" mwanamume akauliza taratibu.

Jina la mkuu wa idara lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini fundi alikumbuka kwamba Jumatatu hakuifungua tovuti hata mara moja kutazama. Akajiona uchafu.

"Ni kazi yangu," akasema. "Nilisema nimeibadilisha, sikuangalia."

Mwanamume akasogea mbali na mlango, akamwachia nafasi kubwa apite, asije akamgusa.