Ombi la Chumvi Lililopita kwa Sala

Wapendwa, leo nimeombea jambo nililokatazwa kulizungumza.

Sisi wazee wa umoja wa wafugaji tulifika ofisi ya serikali mjini Wasso kuomba ng'ombe wetu waruhusiwe tena kushuka kwenye kreta, lile bonde la volkano, kulamba chumvi.

Ofisa akasema, "Hilo halimo kwenye ajenda. Baba mwinjilisti, tufungulie kikao kwa sala."

Nikasimama, nikamsihi Mungu atufungulie njia ile ya chumvi.

"Amina!" wakaitika wote, ofisa akiwamo.

Akafumbua macho. "Mzee, umenipiga chenga!"

"Mwanangu, umeshaitikia mbele za Mungu."

Akacheka. Kisha akamwagiza katibu aliandike ombi letu.

Jibu bado hatujapewa.

Natamani mno kusikia tena ndimi za ng'ombe zikikwangua udongo ule mweupe wa chumvi. Mnaoikumbuka sauti hiyo, niandikieni.